Nembo za kijeshi mtandaoni: tudai kuonyeshwa upande wa nyuma

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua ili nichangie makala mliyochapisha hivi karibuni kuhusu watu wanaonunua nembo za kitambaa za kijeshi kupitia mtandao, zile beji zinazoshonwa begani au kifuani mwa sare. Nalishukuru gazeti kwa kuligusa jambo hili, kwani wanaodanganywa ni wengi na wengi wao hunyamaza kwa aibu. Hata hivyo, makala ile iliwapa wasomaji kanuni moja tu: nembo imulikwe gizani kwa taa ya urujuanimno, ikimeremeta ihesabiwe bandia, isipomeremeta ihesabiwe halisi. Nimekusanya nembo hizi kwa zaidi ya miaka ishirini na sijaona kanuni iliyowaponza wanunuzi kuliko hiyo. Ina ukweli ndani yake, lakini ni ukweli wa nusu, na mnunuzi aliyeishika nusu hiyo peke yake huingia mnadani akijiamini kuliko yule asiyejua kitu.

Kinachomeremeta chini ya taa hiyo ni kemikali za kung'arisha weupe, ambazo viwanda vya nguo na vya sabuni vilianza kuzitumia kwa wingi baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Kwa hiyo, nembo inayodaiwa kutarizwa mwaka 1943 ikiwaka samawati kama karatasi mpya, mnunuzi ana haki ya kushtuka. Lakini nembo ya mwaka huohuo iliyobaki kwenye koti, na koti likaja kufuliwa miaka ya baadaye kwa sabuni ya unga, nayo itameremeta, maana kemikali hizo hung'ang'ania kwenye nyuzi. Nembo ya Vita vya Vietnam iliyotengenezwa mwaka 1968 inaweza kumeremeta pasipo kosa lolote, kwa kuwa wakati huo kemikali hizo zilikuwa zimeshaenea. Na mghushi anayeijua kazi yake hutafuta uzi wa pamba ambao haukutiwa kemikali, akatariza nembo ambayo itabaki giza chini ya taa hata kama aliimaliza juzi.

Nasema haya kwa kuwa nimeumia kwa upande ambao watu hawauzungumzii. Niliwahi kuikataa nembo moja ya Vita Vikuu vya Pili kwa sababu tu iliwaka chini ya taa. Mkusanyaji mwenzangu akainunua, na baadaye akalipata koti lenyewe kutoka kwa familia ileile. Tulipoiweka nembo juu ya bega, matundu ya sindano kwenye kitambaa cha koti yalilingana na matundu ya pindo la nembo, moja baada ya jingine, mpaka kwenye kona ambapo fundi alirudia mshono mara mbili. Ilikuwa imefuliwa, basi. Taa ilisema kweli kuhusu sabuni, nami nikaisikia ikisema kuhusu umri.

Hoja yangu, Mhariri, ni kwamba hakuna kipimo kimoja kinachotosha, na kwamba ushahidi ulio mwingi zaidi uko mahali ambapo wauzaji wa mtandaoni hawapendi kupapiga picha, yaani mgongoni mwa nembo na kwenye ukingo wake.

Nianze na ukingo. Nembo za Jeshi la Marekani za wakati wa Vita Vikuu vya Pili zilitarizwa kwa mashine kubwa zilizotoa nembo nyingi kwa pamoja juu ya kitambaa kipana, kisha zikakatwa moja moja kufuata mzunguko wa darizi. Ukingo wake ni bapa, na mara nyingi nyuzi chache za kitambaa cha chini huchungulia pale mkasi ulipopita. Ukingo mnene uliozungushiwa uzi kama kamba, ambao wakusanyaji huuita kwa jina la mashine za Merrow, haukuenea katika nembo za jeshi hilo hadi mwishoni mwa miaka ya 1960. Ukiugeuza ukingo wa namna hiyo, kwa kawaida utaona mahali ambapo mshono ulianza na kuishia, na mkia wa uzi uliobaki ukiwa umekunjwa na kubandikwa nyuma.

Nembo ya kwanza niliyoinunua kwa fedha nyingi ilikuwa ya Divisheni ya 101 ya Marekani, ile ya kichwa cha tai mweupe juu ya ngao nyeusi, ambayo muuzaji aliieleza kuwa ilivuka kwenda Normandy mwaka 1944. Katika picha ilikuwa nzuri mno. Ilipofika nikakuta ukingo mnene wa kamba, mkia wa uzi nyuma yake, na juu ya mgongo utando wa plastiki uliobandikwa kwa joto. Muuzaji alipoulizwa alijibu kwamba ameiuza kama ilivyo na kwamba picha ilionyesha kila kitu. Picha ilionyesha upande wa mbele peke yake, nami sikuwa nimeuliza.

Hata hivyo, ukingo bapa nao usichukuliwe kuwa cheti. Nembo ziliendelea kukatwa hivyo baada ya vita, katika miaka ya 1950 na sehemu kubwa ya miaka ya 1960, na waghushi wa leo wanajua kukata. Ukingo husaidia zaidi kukataa kuliko kukubali: ukingo mnene unaweza kuangusha dai la mwaka 1944, ilhali ukingo bapa unaliacha dai hilo likisubiri mashahidi wengine.

Shahidi wa pili ni malighafi. Poliesta ilivumbuliwa Uingereza mwaka 1941 na wanakemia John Rex Whinfield na James Tennant Dickson, na nyuzi zake hazikuingia sokoni kwa wingi hadi miaka ya 1950. Nembo iliyotarizwa kwa poliesta haiwezi kuwa imevaliwa vitani mwaka 1943, hata ikiambatana na barua ya mjukuu. Nyuzi za nembo za wakati huo kwa kawaida ni pamba, ingawa rayoni, ambayo ina mng'ao wake, nayo ilikuwepo; kwa hiyo uzi wenye kung'aa mchana usikataliwe upesi. Wapo wanaochomoa uzi mmoja mgongoni na kuuchoma. Pamba huungua kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini, sufu hutoa harufu ya nywele zilizoungua, na poliesta huyeyuka ikabaki kitone kigumu. Kipimo hicho ni cha kweli, lakini mimi sikipendi, na nisingemshauri mtu akifanye juu ya kitu ambacho hajakilipia au ambacho hakipatikani tena. Lenzi nzuri na subira humwonyesha mtu aliyezoea karibu mambo yaleyale, kwa maana uzi wa poliesta una unyoofu na usawa ambao pamba ya zamani haina.

Sasa nije mgongoni, ambako ningependa wasomaji wakae kwa muda mrefu. Nembo nyingi za Marekani za miaka ya 1940 zina uzi wa chini mweupe, hivi kwamba ukiigeuza nembo unaona umbo lake lote kama lililoanguka kwenye theluji, rangi za mbele zikichungulia hapa na pale. Mvutano wa nyuzi haukuwa sawa kila mahali. Nyuzi hupita kutoka herufi moja hadi nyingine bila kukatwa. Nembo ya mashine inayoongozwa na kompyuta, teknolojia iliyoenea miongo kadhaa baadaye, mara nyingi ina mgongo nadhifu kupita kiasi, na nyuma yake huwa kumewekwa kitambaa cheupe kisichofumwa, kinachofanana na karatasi ngumu, cha kuizuia nembo isijikunje. Nikikiona kitambaa hicho nyuma ya nembo inayodaiwa kuwa ya vita vya 1939 hadi 1945, huwa sina haja ya kuendelea.

Mgongo pia ndio unaosimulia matumizi. Nembo iliyokaa miaka mingi begani ilipigwa na jua upande mmoja tu. Rangi za mbele hufifia na zile zilizofichwa nyuma hubaki hai. Pindo lake huwa na matundu ya sindano, na mara nyingine vipande vya uzi wa mshono wa fundi wa kikosi vimebaki. Uchafu hukaa kwenye mabonde kati ya nyuzi, na vilele vya darizi hulika kwanza kwa sababu ndivyo vilivyosuguliwa na mikanda ya begi. Nembo iliyozeeshwa kwa makusudi haina mpangilio huo. Ikiwa ilichovywa kwenye chai au kahawa, mbele na nyuma huwa na hudhurungi moja, hata ndani ya mikunjo ambayo jasho na vumbi visingefika. Ikiwa ilisuguliwa kwa msasa, imelika katikati na pembeni kwa kiasi kilekile. Nembo ambayo haikuwahi kushonwa popote inaweza kuwa halisi kabisa, kwani zilitengenezwa nyingi kuliko zilizovaliwa, lakini basi isije na hadithi ya shujaa aliyeivaa.

Mpaka hapa nimezungumzia nembo zilizotoka viwandani Marekani, ambako utaratibu ulikuwapo. Mambo huwa magumu zaidi kwa nembo zilizotengenezwa karibu na medani. Wanajeshi wa Marekani waliokuwa Italia, Uingereza, Ujerumani na Japani waliwapa kazi mafundi wa huko, na wale waliokuwa China, Burma na India walirudi na nembo za ngozi, za uzi wa madini na za kutarizwa kwa mkono ambazo hazifanani zenyewe kwa zenyewe. Hapo kasoro za umbo si dalili ya kughushi. Tai aliyepinda shingo anaweza kuwa kazi ya fundi wa Napoli aliyechorewa tai huyo kwenye kipande cha karatasi. Mnunuzi aliyezoea usahihi wa kiwanda atamkataa, kisha atainunua nakala ya leo iliyonyooka.

Vietnam ndiko penye mtihani mkubwa kuliko kote. Vikosi vingi vilitengenezewa nembo na mafundi wa Saigon na miji mingine, kwa cherehani zilizoongozwa kwa mkono, juu ya kitambaa chochote kilichopatikana. Vita vikaisha mwaka 1975, lakini ufundi haukuisha, na nembo za mtindo uleule zimeendelea kutengenezwa kwa ajili ya watalii na wakusanyaji. Soko la Dan Sinh katika Jiji la Ho Chi Minh linajulikana kwa bidhaa za namna hiyo. Mashine ikiwa ya aina moja, mkono ukiwa na mafunzo yaleyale, mbinu ya kutariza haiwezi peke yake kutenganisha nembo ya mwaka 1969 na ya mwaka 1999. Yanabaki malighafi, dalili za kuvaliwa, na historia ya umiliki inayoweza kufuatiliwa.

Kwa nembo hizo huwaomba wanunuzi wafanye hesabu kabla hawajafungua pochi. Chukua timu za upelelezi za MACV-SOG, kikosi cha siri cha Marekani katika Vita vya Vietnam kilichoundwa mwaka 1964. Timu moja ilikuwa na Wamarekani wawili au watatu pamoja na wenyeji wasiozidi kumi hivi. Hata tukijumlisha waliopokezana nafasi kwa miaka kadhaa, na hata kila mmoja akiwa na nembo zaidi ya moja, nembo halisi za timu moja haziwezi kuwa nyingi, na baadhi zilizikwa na wenyewe au zilipotea. Mtu anayeona nembo ya timu hiyohiyo ikiuzwa wiki hii na wauzaji watano tofauti, zote zikiwa safi, hana haja ya lenzi.

Hapa ndipo ninapoona kwamba neno lenyewe, halisi, linahitaji kufafanuliwa, kwa sababu wauzaji hujificha ndani yake. Kuna nembo iliyovaliwa na askari kazini. Kuna iliyotengenezwa kwa zabuni ya jeshi wakati huohuo ikabaki stoo. Kuna iliyotengenezwa baadaye na kiwanda kilekile kwa ajili ya wakusanyaji, na kuna iliyotolewa kwa mkutano wa maveterani miaka thelathini baada ya vita, kwa heshima na bila nia ya kumdanganya mtu. Kisha kuna ya kughushi. Muuzaji akisema nembo yake ni halisi anaweza kuwa anakusudia yoyote kati ya zile nne za kwanza, na mnunuzi husikia ile ya kwanza. Nembo ya maveterani haikuzaliwa ikiwa bandia. Ilifanywa bandia siku muuzaji alipoiandikia mwaka ambao si wake.

Mfano unaonifurahisha sana ni wa divisheni za uongo. Mwaka 1944, katika mpango wa udanganyifu ulioitwa Fortitude, Washirika waliwaaminisha Wajerumani kwamba kuna kundi kubwa la majeshi chini ya Jenerali George Patton linalojiandaa kuvamia Pas-de-Calais, kaskazini mwa Ufaransa. Divisheni kadhaa za kundi hilo hazikuwapo kabisa, lakini zilibuniwa nembo, na nembo hizo zikatengenezwa kweli. Divisheni za 9, 18, 21 na 135 za askari wa miavuli ni miongoni mwazo. Kwa hiyo nembo ya kikosi ambacho hakikuwahi kuwa na askari hata mmoja inaweza kuwa halisi ya mwaka 1944, na anayesema kwamba kikosi kisipopatikana katika orodha nembo yake ni bandia atakuwa amekosea. Atakuwa amekosea vilevile anayeamini kila nembo ya aina hiyo, kwani ziliendelea kutengenezwa baadaye kwa wakusanyaji.

Historia ya kikosi mara nyingine humsaidia mnunuzi moja kwa moja. Divisheni ya 45 ya Marekani ilivaa swastika ya manjano juu ya msingi mwekundu, alama iliyotokana na Wahindi Wekundu wa kusini-magharibi mwa nchi hiyo, hadi mwaka 1939, ilipoibadili na kuweka ndege wa radi kwa sababu ya Wanazi. Nembo ya zamani ya divisheni hiyo, basi, inapaswa kuwa na malighafi na mshono wa kabla ya mwaka huo, na anayeiuza kama ya Sicilia mwaka 1943 amejifunga mwenyewe. Kwa michoro rasmi ya nembo za jeshi la nchi hiyo ipo Institute of Heraldry, taasisi ya jeshi hilo inayoshughulikia nembo, na wakusanyaji wa huko wana chama chao, ASMIC, kilichoanzishwa mwaka 1937, chenye uzoefu mkubwa wa kuzitambua. Ila ikumbukwe kwamba nembo nyingi za kushonwa mifukoni za vikosi vidogo hazikupata kibali cha mtu yeyote, na kutokuwamo kwenye kumbukumbu rasmi hakuzihukumu.

Yanabaki mambo ya mnada wenyewe, ambayo ni mepesi kuyasema. Mnunuzi aombe picha ya mbele, ya nyuma, ya ukingo kwa karibu, na nyingine iliyo na rula kando ya nembo, zote zikiwa zimepigwa kwenye mwanga wa mchana. Muuzaji wa kweli huzituma, anayekasirika ameshajibu. Picha ileile itafutwe mtandaoni ionekane kama imeshatumika kwingine, na kama uzi uliochomoza kwenye kona unarudi katika nembo tatu zinazosemekana kuwa tofauti. Maneno ya tangazo yasomwe taratibu. Anayeandika "mtindo wa Vita Vikuu" hajasema ni ya Vita Vikuu. Anayeandika kwamba ameikuta nyumbani kwa marehemu na kwamba yeye si mjuzi, huku akidai bei ya mjuzi, anataka hadithi ilipiwe na kitu kipewe bure. Cheti cha uhalisi kilichotiwa saini na muuzaji mwenyewe ni ahadi yake tu, na thamani yake ni sawa na utayari wake wa kurudisha fedha. Hilo liulizwe kwa maandishi kabla ya kulipa.

Makala yenu iliambatana na picha tatu za nembo, zote zikionyesha upande wa mbele. Mkiirudia mada hii, nawaomba mchapishe na migongo yake. Ninazo nembo kumi na mbili, sita halisi na sita za kughushi, ambazo niko tayari kuzileta katika ofisi za gazeti zipigwe picha pande zote mbili, pamoja na ile ya tai iliyonitia hasara.

Wenu,
Msomaji na mkusanyaji wa nembo za kijeshi